Picha Namba Ishirini na Tatu

Mwizi aliiacha fremu. Hilo ndilo lililomkera kwanza Verlin Estep, naibu sherifu, alipoingia maktaba ya mji wa Pruitt Jumanne saa tatu asubuhi, na mambo ya kumkera Verlin hayakuwa machache mwaka ule wa 1974. Fremu nzuri ya mbao ya mjozi ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake, kioo chake hakina hata ufa. Aliishusha, akaigeuza. Vile vibati vinne vya kushikilia ubao wa nyuma vilikunjuliwa kimoja kimoja bila haraka, kisha vikakunjwa tena. Picha tu ndiyo haikuwamo.

"Mwizi gani huyu anayefunga mlango akitoka?" alisema.

Judith Kessler, mkutubi, alisimama pembeni amejikumbatia kwa baridi. Alitoka Cleveland miaka sita iliyopita, na watu wa Pruitt walikuwa bado wanamwita yule mgeni.

"Sijagusa kitu, Bwana Estep."

"Hata hiki kiti?"

Kiti cha mbao kilikuwa katikati ya chumba peke yake, kimeelekea fremu tupu.

"Hicho kina wazimu," Judith alisema. "Tangu wiki iliyopita nakirudisha mezani, nikigeuka nakikuta hapo hapo."

Verlin aliandika kwenye daftari lake: kiti. Kisha akazunguka madirisha yote. Kufuli zilikuwa nzima na vumbi lake halijaguswa. Mlango wa nyuma ulikuwa umepigwa misumari tangu mafuriko. Kwa hiyo picha ilitoka mchana, kupitia mlango wa mbele, ikipita mita tano tu kutoka meza ya mkutubi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ila huwa nashuka chini kutia makaa kwenye jiko la kupashia nyumba joto. Dakika kumi hivi. Kumi na tano, jiko likikataa."

"Nani alikuja?"

"Watoto wa darasa la nne na mwalimu wao. Wazee wawili wa mgodini, walikuja kubishana nani ni nani kwenye picha za mgodi. Bwana Doyle, yule mnunuzi wa vitu vya kale. Na bibi mmoja aliyekuja kuota moto."

"Doyle aliulizia picha?"

"Aliulizia kila kitu. Hata meza yangu."

Verlin alipigia jina hilo mstari. Haskell Doyle alikuwa amezunguka mabonde yote ya wilaya ile akinunua mablanketi ya viraka na saa za ukutani kwa wajane, na Verlin alikuwa anatafuta sababu ya kumkamata tangu majira ya kuchipua.

Picha zilikuwa arobaini, mali ya jimbo, na maonyesho yaliitwa Maisha ya Kila Siku Milimani. Watu wanachuma maharage, wanachinja nguruwe, wanamnyoa babu. Ijumaa saa sita gari la jimbo lingekuja kuzichukua kuzipeleka wilaya ya pili. Sherifu Bragg, ambaye uchaguzi wake ulikuwa mwezi uliofuata, alikwishapiga simu mara mbili kabla ya kifungua kinywa. Alitaka mtu awe ndani kabla gari halijafika.

"Hiyo namba ishirini na tatu ilikuwa ya nini?" Verlin aliuliza.

Judith alimpa kadi iliyokuwa imebandikwa chini ya fremu. Verlin aliisoma kwa sauti. "'Usingizi wa Mchana. Mama na mtoto aliyelala, barazani, bonde la Dry Laurel, Oktoba 1931. Mpiga picha A. Lathrop.' Basi?"

"Basi. Lakini ilikuwa nzuri, jamani. Mama amekaa kwenye kiti cha kubembea, jua limewapiga usoni, mtoto kalala fofofo mdomo wazi. Watoto wa shule waliipenda kuliko zote. Walikuwa wanamcheka anavyolala."

"Nyuma yao kuna nini?"

"Mlango uko wazi. Ndani kuna saa ya ukutani, inasema saa kumi na robo. Na kitu ukutani kimefunikwa shuka. Nadhani walikuwa wanapaka rangi."

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Haipo. Huyo Lathrop alikufa, na vile vioo alivyokuwa akichapia picha vilivunjika vyote ghalani. Duniani ilibaki hiyo moja." Judith aliketi. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Mtu akiichoma, yule mama na mwanawe hawapo tena popote."

Judith, ambaye miaka sita ilimfundisha angalau jambo moja la watu wale, alikata mkate, akaupaka jemu nyeusi ya matofaa kwa ukarimu, akampa. Verlin alikula kwa kusimama. Ilikuwa jemu iliyopikwa siku nzima kwenye sufuria ya shaba, na nyuma ya mdalasini kulikuwa na ubaridi wa peremende. Aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

"Umepika wewe?"

"Mimi? Nimeikuta hapa mezani jana nilipopanda kutoka kwenye jiko. Watu wa huku wananiachia vitu. Wiki iliyopita ilikuwa maboga."

Doyle alikuwa moteli ya barabarani, anapakia gari. Hakushtuka kumwona askari. Alikuwa amezoea.

"Fungua buti."

"Afande, ungesema shikamoo kwanza."

"Fungua."

Kulikuwa na mablanketi sita, saa mbili, gurudumu la kusokotea sufu, na chupa za jemu na achari zisizohesabika. Picha haikuwepo. Verlin alipekua mpaka chini ya gurudumu la akiba.

"Namba ishirini na tatu imeibwa," alisema.

"Pole. Fremu je?"

"Imeachwa."

Doyle alicheka mpaka akakohoa. "Basi hunitafuti mimi, afande. Ile fremu ni kazi ya mikono, ya miaka themanini. Mimi ningeiba fremu nikawaachia picha. Aliyeiba huyo alitaka sura iliyomo ndani, hana habari na mbao."

Verlin alijua ni kweli, na ilimuuma. Alifunga buti kwa kishindo. "Na hizi chupa zote? Umefungua duka?"

"Nimechoka nazo! Ninyi watu wa milimani mna ugonjwa. Nanunua blanketi, nalipa, mambo yameisha, bibi ananikimbiza mpaka kwenye gari na chupa ya jemu ili asije akawa na deni langu. Naomba maji tu ya kunywa, nikiacha senti mezani naletewa yai. Hamwezi kuchukua kitu cha mtu mkamwachia mikono mitupu. Mtakufa nao ugonjwa huo."

Verlin alisimama mkono ukiwa bado juu ya buti. Kisha akaondoka bila kuaga.

Aliingia maktaba akihema. "Chupa iko wapi?"

"Chupa gani?"

"Ya jemu."

Judith aliitoa kabatini. Ilikuwa imefika nusu. Verlin aliiinua dirishani. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa nta, kisha kitambaa cha gunia la unga kikafungwa juu kwa uzi mwekundu, fundo mara mbili. Akatoa karatasi ya hati ya polisi, akaandika mbele ya mkutubi aliyepigwa butwaa: kielelezo cha kwanza, chupa moja, nusu tupu, nusu nyingine imeliwa na mkutubi pamoja na afisa mpelelezi.

"Sikuelewi, Bwana Estep."

"Hii si zawadi, mama. Hii ni badala. Mtu amechukua kitu chako, akakuachia chake."

Peremende ndiyo iliyomaliza kazi. Verlin aliifahamu ladha ile. Mkewe Dreama alizaliwa juu kabisa Dry Laurel, na ni huko tu walikodondosha pipi mbili za peremende sufuriani kabla ya kuipua. Dreama alifariki miaka miwili iliyopita. Chupa ya mwisho Verlin aliila kwa kijiko mwezi ule ule, amesimama jikoni, na tangu hapo hakupanda hata mche wa nyanya. Aliwahesabu kichwani wanawake wa bonde lile waliobaki wanaopika hivyo. Mmoja amepofuka. Mmoja yuko kwa bintiye Ohio. Wa tatu ni Ocie Tackett.

"Yule bibi aliyekuja kuota moto," alimwambia Judith, "alikaa wapi?"

Judith alifungua kinywa amjibu, kisha wote wawili wakageuka kukitazama kile kiti.

Jumatano asubuhi Verlin aliacha gari mahali barabara ilipokufa, akapanda kwa miguu kufuata kijito. Nyumba tatu alizozipita hazikuwa na watu. Moja ilikuwa na kitanda cha chuma barazani na mti umeota katikati yake. Watu walikwenda Akron na Detroit kufuata kazi, wakasema watarudi. Ya nne ilikuwa inatoa moshi.

Saa yake ilisema saa tatu na dakika tano. Alisimama getini akaitazama ile baraza. Jua lilikuwa limeijaa yote, ukuta kwa ukuta, mpaka kwenye kiti cha kubembea kilichokuwa pale peke yake. Akageuka kutazama mlima uliokuwa nyuma ya nyumba. Ulikuwa karibu sana na mrefu sana. Ikifika saa nane mchana, baraza hii ingekuwa kivulini, na saa kumi ingekuwa giza la kuwashia taa.

Lakini kwenye picha jua liliwapiga usoni, na saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo.

Watu wa jimbo walioandika kadi walitazama saa, wakaandika mchana. Kumbe picha ilipigwa asubuhi, na saa ile ilikuwa haitembei. Na kile kilichofunikwa shuka kilikuwa kioo cha kujitazamia. Verlin alishakiona kioo kilichofunikwa hivyo mara nne maishani mwake, mara ya mwisho nyumbani kwake mwenyewe. Katika milima ile, mtu akifariki, saa ya nyumba inasimamishwa dakika hiyo hiyo na kioo kinafunikwa, na havirudishwi mpaka maiti atoke. Alivua kofia akaishika mkononi. Alijisikia vibaya kama mtu aliyecheka msibani bila kujua.

"Usisimame hapo unaniziba jua," sauti ilisema mlangoni. "Wewe wa nani?"

"Wa Enos Estep, bibi."

"Naona. Hayo masikio ni ya Enos. Ulimwoa Dreama wa Hobart."

"Ndiyo, bibi. Amefariki."

"Najua. Nilipika keki ya msiba wake. Ingia ule."

Ocie Tackett alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, mgongo umepinda upande mmoja. Alipakua maharage na mkate wa mahindi na kitunguu. Sahani yake ilikuwa mezani. Ya pili aliitoa juu ya kabati, akaipuliza vumbi, akaifuta na aproni, akaiangalia, akaifuta tena.

Walikula kwanza. Hakuna anayehoji mtu kule kabla ya kula chakula chake.

"Jemu yako nimeila," Verlin alisema mwishowe.

Mikono ya bibi ilitulia. "Si ilikuwa ya yule mgeni?"

"Tumeila naye."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Niliogopa nimezidisha peremende." Aliinuka, akafungua Biblia kubwa iliyokuwa kwenye rafu ya juu ya meko, akatoa picha katikati ya kurasa. Hakumpa. Aliishika kifuani. "Basi nikamate. Lakini mimi nakwenda naye."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Lorene. Miezi saba. Kifaduro." Alivuta pumzi. "Saa kumi na robo, alfajiri."

"Na Lathrop alipita asubuhi hiyo."

"Alipita na nyumbu wake na lile kamera la miguu mitatu, anapiga watu picha. Mume wangu akamwita. Hatukuwa na picha yake hata moja, afande, angepigwa lini, miezi saba tu. Yule bwana akasema ndani giza, mlete nje kwenye jua. Nikakaa naye. Nikampa chupa ya jemu, akasema atanitumia picha kwa posta kabla ya theluji." Alikaa tena. "Nilishuka kwenye sanduku la barua kila siku mpaka theluji. Na baada ya theluji."

"Mpaka lini?"

"Waliling'oa lile sanduku mwaka hamsini na nane."

Verlin aliandika hilo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Wiki iliyopita nilishuka mjini kuchukua dawa ya mgongo," Ocie aliendelea. "Nikaingia pale kuota moto, ndilo lililonipeleka. Nikamkuta ukutani. Na unajua kitu cha aibu? Sikumjua. Nililijua gauni langu kwanza. Ndipo nikamtazama mtoto, nikasema, kumbe ulikuwa hivi. Miaka arobaini na tatu nilikuwa namkumbuka kwa sura ya mtoto wa dada yangu. Ya mwanangu ilishanitoka, wala sikujua kama imenitoka." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira. "Siku nne nilikwenda kukaa naye. Watoto wa shule wakaja wakamcheka. Sikuwakasirikia. Wameambiwa kalala."

"Bibi Ocie, sheria..."

"Naijua. Wanangu wako Akron, mume wangu yuko chini ya mlima, huyu nimempata juzi. Ukimchukua nitamsahau tena, na safari hii sina muda wa kukumbuka. Haya, sema sheria."

Verlin alisukuma sahani. Bibi akainuka kuongeza kuni.

"Sheria inasema kielelezo kipigwe picha pale pale kilipokutwa, kabla hakijaondolewa," alisema. Akatoa kamera ya ofisi mkobani. "Kiweke mezani."

"Siachii."

"Sitakichukua."

"Yule naye alisema atatuma. Siachii."

"Basi kishike. Lakini humu giza. Twende nje kwenye jua."

Ocie alimtazama sana aliposema hivyo. Kisha akatoka, akakaa kwenye kiti cha kubembea, akaishika picha mbele ya magoti yake kwa mikono miwili. Verlin alipiga magoti kwenye mbao za baraza. Aliona kwenye lenzi mama wa miaka ishirini na minane, macho makavu, na mtoto mwenye mdomo wazi kidogo, na pembeni, juu ya ukingo, kidole gumba cha mzee, kucha imepasuka.

"Sogeza kidole kidogo, bibi."

"Siachii, nimekwambia."

Alipiga mara sita.

"Na hiyo chupa nirudishie," Ocie alisema akiwa bado amekaa. "Chupa zangu zikienda haziji tena."

"Nitaileta Jumapili."

"Wanasema hivyo."

Alhamisi alijifungia katika chumba cha giza nyuma ya jela, akasafisha filamu mwenyewe, akachapa picha moja kwa ukubwa wa fremu ile. Jioni alikaa kwenye ngazi za nyumba yake na nyundo, akapasua kokwa za mjozi wake mpaka ile chupa ya jemu, iliyokwisha kumalizwa, ikajaa, kwa sababu chupa ya mtu hairudi tupu. Ripoti aliyomwandikia Sherifu Bragg ilikuwa ya mistari miwili. Hakuna mtu ndani. Hakuna kilichoibwa, ni mzigo wa posta uliochelewa, na mwenyewe amekuja kuuchukua. Bragg aliisoma, akatukana, akakumbuka kwamba Dry Laurel nako wanapiga kura, akaitia kwenye droo.

Judith aliichapa kadi mpya kwa mashine. Alikosea mara tatu, akaichapa tena.

Ijumaa saa sita kasorobo mtu wa jimbo, Bwana Nyland, alifika na gari na orodha. Alizishusha picha moja moja na kuzifunga blanketi. Alipofika namba ishirini na tatu alisimama, akaisogeza karibu na dirisha, akainua miwani.

"Hii siyo tuliyoileta."

"Ndiyo hiyo hiyo," Verlin alisema. "Tumeipiga upya. Kadi pia. Ile ya kwanza ilikuwa na kosa."

Nyland aliisoma kadi. Lorene Tackett, miezi saba, asubuhi ya siku aliyofariki. Aliisoma tena, taratibu zaidi, na mkono wake ulipanda kwenye kofia. Kisha akainamia kioo na kugusa ukingo wa picha.

"Na hiki kidole hapa pembeni? Cha nani?"

"Cha mama yake," Verlin alisema. "Amekataa kumwachia."